Mnaouliza faida za pen tablet, someni kwanza yaliyonikuta nilipomchora marehemu asiyekuwa na picha

Wakuu, asalaam aleikum, na wengine habari za mchana.

Mie humu ni msomaji wa kimya. Naingia, nasoma mabishano yenu, nacheka, natoka. Leo naandika kwa sababu juzi kuna kijana kauliza kistaarabu kabisa: anunue pen tablet ya kuhariria picha au aendelee na mouse? Mkamjaza bei na inchi, hakuna hata mmoja aliyemwambia kitu cha maana.

Basi mie nimeitumia miaka. Nitakayoyasema ni ya kweli, sijaongeza chumvi. Majina nimeyageuza na duka silitaji, maana wahusika wengine wako hai na Zanzibar ni ndogo.

Asiyeamini apite zake, njia pana.

Na kabla hamjaanza, mie ni mwanamke. Msiniite kaka, wala chifu, wala mzee baba. Dada inatosha.

Haya.

Kazi yangu ya kwanza duniani ilikuwa hina. Nimezaliwa na kukulia Ng'ambo, hapa hapa mjini Unguja, na tangu nna miaka kumi na nne nawachora maharusi hina na piko, ile rangi nyeusi. Piko linakufunza kitu kimoja: mkono ukiukandamiza mstari unanenepa, ukiuachia unakuwa mwembamba. Na ukiogopa, mstari unatetemeka, bi harusi anaaibika mbele ya mawifi, na wewe hutoitwa tena mtaa ule.

Katikati ya miaka ya elfu mbili nikapata kazi duka la picha Mji Mkongwe, kwenye kichochoro ambacho hata pikipiki inapita kwa kuomba radhi. Tajiri wangu nimwite Mahmoud. Mtu wa maskhara, lakini moyo wake safi.

Tulikuwa tunafanya passport size, picha za harusi, na picha kongwe zilizoliwa na mende na unyevu. Hizo kongwe ndizo zilikuwa zangu. Mtu analeta picha ya babu yake imebaki jicho moja na sikio, anataka uso mzima na kofia juu.

Wakati huo natumia mouse. Jamani! Kuchora nyusi kwa mouse ni sawasawa na kuandika jina lako kwa kipande cha sabuni. Unabofya, unavuta, mstari unakwenda unakotaka wenyewe. Unafuta, unarudia. Jioni kiganja kinawaka moto, nikirudi nyumbani hata nazi siwezi kukuna, mama ananiita mvivu.

Siku moja mpwa wake Mahmoud akarudi kutoka Dubai na kibao cheusi cha plastiki na kalamu yake. Kalamu haina wino, haina betri, haina waya.

Nikasema, "Mahmoud, hiki nini, cha kukatia vitunguu?"

"Usicheke, jaribu kwanza."

Nikajaribu. Siku tatu za mwanzo nilikuwa nataka kulia. Unachora kwenye kibao mezani, mstari unatokea kwenye skrini mbele yako. Mkono huku, macho kule. Kijana uliyeuliza, ukifika hapo usirudishe mashine dukani, vumilia.

Siku ya nne mkono ukafunguka. Kumbe kidude kinajua nguvu ya mkono! Ukikandamiza brush inanenepa, ukiachia inakuwa unywele. Ni piko lile lile, ila hili ukikosea unafuta na bi harusi halii.

Kazi ya siku mbili nikawa namaliza asubuhi moja. Ngozi unaweza kuilainisha bila kumfanya mtu aonekane kama kapakwa plasta, maana unapitisha kivuli kidogo kidogo. Nywele unachora moja moja. Picha iliyochanika katikati ya uso unaishona, huoni mshono. Na kiganja kikapona, nikarudi kukuna nazi, mama akafurahi.

Kwa hiyo jibu langu ni: nunua. Hata ndogo ya bei poa, nunua.

Ila kuna kitu sijaona mtu yeyote kakiandika humu.

Kalamu ile inaufuata mkono wako kuliko unavyoufuata wewe mwenyewe. Na mkono una mambo yake.

Siku moja asubuhi aliingia mzee mmoja, nimwite Mzee Nassor. Mwarabu wa hapa hapa, kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, fimbo mkononi, anatembea anapapasa ukuta. Nyuma yake binti yake, Salma, kavaa ninja. Namaanisha nikabu, kwa nyie wa bara. Unamwona macho tu.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Weye ndiye fundi wa sura?"

Nikacheka, nikasema ndiye mie. Nikamwomba anipe hiyo picha niione imeharibika kiasi gani.

"Haipo," akasema.

Mama yake alifariki yeye akiwa na umri wa kama miaka tisa. Baba yake alikuwa mkali wa dini na mkali wa wivu, vyote viwili, na mwanamke wake hakuwahi kupigwa picha hata moja. Mtoto yule akakua, akazeeka, na mama akabaki kichwani mwake tu.

Sasa ana presha ya macho. Moja limeshafungwa kabisa. La pili linaona kitundu kidogo tu katikati, kama anayechungulia tundu la ufunguo, na daktari kamwambia nalo halitochukua muda.

"Sura yake ninayo hapa," akagusa paji lake. "Nimeihifadhi miaka sitini. Nataka nimwone kwa jicho mara moja tu, mwanangu, kabla halijafunga. Basi. Sina jengine."

Mahmoud akanitazama. Mie nikasema naweza.

Kiburi hicho, wakuu. Naandika hivi hadi leo naona haya.

Siku ya kwanza sikugusa kalamu. Nilichukua daftari la mistari nikaandika kila alichosema. Paji pana. Nyusi nene zinakaribia kugusana. Macho makubwa, ya wazi. Mashavu yamejaa, kidevu cha mviringo. Meno ya mbele yana mwanya. Uso hauna alama hata moja. Hilo la alama alilirudia, akasema wanawake wa mtaani walikuwa wakimwonea gere kwa uso safi.

Kesho yake tukaanza. Mzee anakaa kulia kwangu, jicho lake karibu kabisa na skrini. Salma anakaa kwenye benchi nyuma yetu, kimya, na ninja yake, maana wateja wa kiume wanaingia na kutoka na Mahmoud yuko pale pale.

Mzee anasema, "Pua ipunguze," naipunguza anaona. "Mdomo uwe na kicheko kidogo," naukunja kidogo. Kwa mouse isingewezekana, mzee angekufa tunatafuta pua. Kwa kalamu unabadilisha hapo hapo, mtu anaona anachokiongea.

Na mie nna mazoea. Pembeni ya skrini naweka kioo kidogo cha mkononi. Nikitaka kujua kope inajikunja vipi, au kivuli cha pua kinaanguka wapi, najitazama, nachora. Nadhani kila mchoraji anafanya hivyo. Sikuona ubaya wowote.

Siku ya tatu, ya nne, kazi ikanoga. Mkono ukawa mwepesi mno. Mzee anafungua mdomo kusema kitu, mie nshachora. Anasema, "Eeh, hapo hapo, umejuaje?" Mie najisifu kimoyomoyo.

Mahmoud akaja akasimama nyuma yangu, akatazama muda. Kisha akasema taratibu, bila maskhara yake:

"Weye unamjua huyo bibi?"

"Nimjulie wapi?"

"Mbona basi huulizi tena?"

Nikamwambia aende akahudumie wateja. Lakini maneno yake yalinibakia mwilini. Ni kweli, tangu siku ya pili nilikuwa sijalifungua daftari.

Kuna kitu kingine, wenye tablet mtanielewa. Kalamu ukiishika juu ya kibao bila kugusa, ile alama kwenye skrini inatetemeka kwa pumzi ya mkono wako. Nilikuwa nikipumzika naiacha juu ya jicho lake, nayo inatetemeka pale, na mara mbili tatu niliapa jicho lile limetaka kupepesa. Nikawa nikienda kunywa maji naigeuzia skrini ukutani.

Siku ya sita Mzee Nassor akafika mchangamfu kuliko siku zote.

"Mwanangu, zamani nikitaka kumwona mama nilikuwa nafumba macho nangoja. Leo baada ya Alfajiri nimefumba tu, kaja. Huyu huyu wako. Yule mwingine kaondoka."

Akacheka. Na mie nikacheka naye, mpumbavu mie, sikuuliza yule mwingine nani.

Siku ya saba umeme ukakatika ghafla, kama kawaida yetu. Uliporudi, nikafungua file, kumbe halikuhifadhika vizuri. Kwenye nyusi ya kushoto umepita mstari mweupe mwembamba, hauna rangi kabisa. Nikasogeza kalamu niuzibe.

Mzee akanishika mkono. "Wacha! Kovu!"

"Kovu gani, mzee wangu?"

"Kovu lake! Subhana llah, umelijuaje? Aliteleza kisimani, ndoo ikampiga hapa, damu ikamtiririka mpaka kwenye kanga. Mie nilikuwa nimeshika upindo wake, nnalia. Yarabi, nilikuwa nshalisahau."

Nyuma yetu Salma akasema, "Baba, kovu hilo hujawahi kutuhadithia."

"Nilisahau, nakwambia. Bi Fundi kanikumbusha."

Nilisisimka mwili mzima. Nilijiona nimepewa kitu, nimefunuliwa. Nikalichora lile kovu vizuri, nikalipa kivuli na wekundu kidogo, likakaa kama la kuzaliwa nalo.

Wakuu, mnaona nilivyokuwa mjinga? Uso hauna alama hata moja. Nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe.

Picha ikaisha. Nikatoa nakala ndogo ya majaribio, nikaichukua nyumbani niitazame kwa mwanga wa uwani, maana skrini inadanganya rangi.

Mama yangu alikuwa amekaa kwenye mkeka anapeta mchele. Nikaiweka picha juu ya mkeka nikaenda kuvua viatu. Niliporudi ungo umesimama, mama kaishika picha kwa mikono miwili.

"Nani kakupa picha ya mama?"

"Mama nani?"

"Mama'ngu mie! Bibi yako! Umeitoa wapi?"

Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Kizimkazi. Alifariki kabla sijazaliwa. Hakuwa na picha, na mie sijapata kumwona hata siku moja.

Nilikaa chini. Mama analia, anaibusu picha, anasema hata kope zake hizi, hata namna anavyokaza mdomo. Mie nasoma kila aya niijuayo na zinanichanganyikia.

Baadaye nilipopata akili nikakumbuka kioo.

Tangu nna akili zangu, shangazi na majirani wananiambia nimemchukua bibi. Na mie siku sita nzima nilikuwa najitazama kwenye kioo na kuchora. Nikatoa daftari kwenye mkoba, nikaliweka kando ya picha, nikapitia mstari mmoja mmoja.

Paji pana, nimechora dogo. Nyusi nene, nimechora nyembamba. Macho makubwa, nimechora yaliyolala, kama yangu. Kidevu cha mviringo, nimechora kirefu. Mwanya hakuna. Na kovu lipo.

Hakuna hata kimoja nilichofuata. Na mzee wa watu alikuwa amekaa pale, jicho lake kwenye skrini, anasema ndiyo, ndiyo, hapo hapo.

Nilivyojisikia siwezi kueleza vizuri. Nilikuwa nimemuibia mtu mama yake, nikamwekea bibi yangu mahali pake, na mwenyewe akanishukuru.

Kesho yake asubuhi sikwenda dukani. Nilikwenda nyumbani kwao, Mji Mkongwe, nyumba ya urithi yenye mlango mzito na ngazi zinazolia. Nilitaka nimwambie mzee ukweli, tuanze upya kwa daftari, jicho likiwa bado lina uhai kidogo.

Salma akanifungulia. Alichungulia kwanza akaona niko peke yangu, mwanamke mwenzake, kwa hiyo alikuwa kichwa wazi, hana ninja.

Paji pana. Nyusi nene zinakaribia kugusana. Macho makubwa. Akatabasamu kunikaribisha, nikauona mwanya.

"Karibu, Bi Fundi. Mbona umesimama?"

Mtume! Siku zote zile uso niliokuwa nautafuta ulikuwa umekaa hatua mbili nyuma yangu. Kwa adabu tu, kwa kuwa Mahmoud yupo na wanaume wanapita, haikunijia hata kumuuliza mzee kama kuna mtoto aliyefanana na bibi. Badala yake nikatazama kioo.

Tukaingia jikoni, nikamweleza Salma yote. Nilidhani atanitimua. Akawa anakusanya makombo ya mkate mezani kwa kidole.

"Mie tangu mdogo baba ananiita mama," akasema. "Haniiti kwa jina. Anasema nimemchukua mama yake mzima mzima. Hizi siku mbili tatu ananiita Salma. Nilidhani nimemkosea kitu, kila siku najiuliza nimefanya nini."

Nikalia. Yeye hakulia.

Nikampiga picha pale pale jikoni, mbele, pembeni, anacheka, kanyamaza. Nikarudi dukani, nikamtoa Mahmoud nje ya duka lake mwenyewe, nikamwambia skrini hii siku mbili huitazami, ni amana ya mwanamke. Akatii, Mungu amlipe. Kioo nikakifungia kwenye droo. Daftari wazi mbele yangu.

Nilichora polepole sana. Kila mkono ulipotaka kwenda haraka niliweka kalamu chini, nikasoma tena mstari. Hiyo ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya maishani mwangu, na nasema bila kujivuna.

Nikazichapa zote mbili, ukubwa mmoja, nikaenda.

Mzee Nassor alikuwa amekaa dirishani, mwanga unamwangukia. Nikampa ile mpya kwanza. Akaileta karibu na jicho, akaanza kuisogeza kidogo kidogo, kwa sababu haoni uso mzima kwa mara moja. Paji. Nyusi. Macho. Akakaa sana kwenye mdomo.

Nilikuwa naomba, "Mkumbuke. Mkumbuke, mzee wangu, mkumbuke."

"Mashaallah," akasema. "Huyu Salma."

Salma akapiga magoti mbele yake. "Si mie, baba. Huyu bibi. Mama yako."

"Hapana."

"Mtazame vizuri, baba. Si weye mwenyewe uliyekuwa ukiniita mama, kwa nilivyofanana naye?"

Mzee akageuza uso kule sauti ilikotoka. Hakukasirika. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua kweli.

"Lini?"

Mie nikafungua mdomo niseme, nieleze kioo, nieleze bibi yangu, kila kitu. Salma akanishika kiganja, akakibana kwa nguvu, akatikisa kichwa.

"Yule mwenye kovu yuko wapi?" mzee akauliza. "Umemleta?"

Nikampa.

Akaileta jichoni, na machozi yakaanza kumtoka kimya kimya. "Ndiye," akasema. "Ndiye huyu. Mama." Akatuhadithia tena habari ya kisima, na safari hii kanga ilikuwa na rangi, na ndoo ilikuwa na mpini wa kamba, na kulikuwa na jirani aliyekuja mbio na majani ya kuziba damu. Nilisimama pale nasikiliza kitu ambacho umeme ulikitengeneza, na kilikuwa na watu ndani yake wanatembea.

Sikumwambia. Mpaka anaingia kaburini sikumwambia. Hii ndiyo mara ya kwanza naisema hadharani.

Jicho lilifunga kabla ya mwezi wa Ramadhani. Salma anasema kila asubuhi alikuwa akitaka kiti chake kielekezwe kwenye ile picha, na anaiambia shikamoo. Picha ya pili, ile ya kweli, Salma aliiweka kabatini katikati ya kanga zake. Hakumwonyesha tena.

Na kwetu? Mama yangu kaitundika nakala yake chumbani. Mwaka juzi nikamsikia anamhadithia mdogo wangu jinsi bibi alivyopata kovu nyusini, kwamba aliangukia mwamba pwani ya Kizimkazi akiwa na mimba.

Nikamwambia, "Mama, kovu lile ni umeme ulikatika."

"Toka hapa! Utanifunza mama yangu?"

Basi tangu siku hiyo hata hilo la bibi silijui tena. Labda ni yeye kweli. Labda mama naye alikuwa na sura yake nyingine kichwani, nami nikaifuta. Labda yule ni mie tu, nyumba mbili zinamwombea dua mtu ambaye yuko hai anakaanga samaki.

Nimalizie kwa kitu alichonambia Salma siku ya arubaini ya baba yake, tukiwa tunaosha sahani.

Anasema miezi michache kabla ya kufa, alikuwa akimfunga vifungo vya kanzu. Mzee akanyanyua mkono akamgusa uso kwa bahati mbaya. Mkono ukasimama. Ukapanda pajini, ukapita kwenye nyusi taratibu, ukashuka mashavuni, ukarudi tena pajini. Macho hayaoni kitu, kayaelekeza ukutani. Kisha akaita kwa sauti ndogo, sauti ya mtoto:

"Mama?"

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikaitika naam," Salma akasema. "Nikabaki pale pale mpaka alipoutoa mkono mwenyewe."

Haya wakuu, hiyo ndiyo stori yangu.

Nilichojifunza ni hiki. Pen tablet ni chombo kizuri, nimesema nunueni na narudia nunueni. Lakini ukipewa kazi ya marehemu, andika maneno ya mwenye kumjua kabla hujashika kalamu, na kila asubuhi yasome tena. Uliza nani katika ukoo kafanana naye. Ukiona mkono unakwenda mbio na mteja anakubali kila kitu, simama, unywe maji, ufungue daftari. Na nyie ambao bibi na babu zenu hawana picha, kaeni na wazee leo muandike sura zao kwa maneno. Mchoraji baadaye.

Sasa nawauliza, na mnijibu kwa utulivu bila matusi: ungekuwa wewe, ungemwambia mzee? Na kuna yeyote humu aliyewahi kurekebisha picha ya marehemu akakutwa na jambo la namna hii?

Wale wa bei na inchi nanyi karibuni, sina ugomvi na mtu.